Wa Mwisho Kufika Mstarini

Jumapili, 2 Julai 1995

Nimeshindwa tena na Philippe. Si kwa motere. Motere yangu ni ya Peugeot 404, na 404 haina haja ya kujitetea mbele ya Corolla yenye bampa lililofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Nimeshindwa kwa bendera. Ilipoanguka, mimi nilikuwa najikuna mguu.

Nayaandika haya ili ukweli uwepo mahali fulani.

Tunashindana kwenye barabara ya kiwanda, huku Shituru, pembeni mwa Likasi, baada ya misa. Zamani usingethubutu kusimama pale, malori yangekusaga. Sasa malori hayapiti, king'ora hakilii, na wanaume wanavaa kofia zao za kazi kwenda kulima mihogo. Barabara imelala imenyooka, haina mtu. Sisi madereva wa teksi wa Kikula tukaona ni dhambi kuiacha hivyo.

Kuna mistari miwili. Wa kwanza ni wa kungojea. Wa pili, mbele kidogo, ni wa kuondokea. Unasogea hadi wa kwanza na kusimama. Ukiwa na moyo wa kusogea tena, unaenda polepole mpaka tairi la mbele liguse chokaa ya mstari wa pili, halafu unainua mkono: niko tayari. Wote wawili wakiwa tayari, Papa Damas anaangusha bendera, saa anayotaka yeye. Tairi likiacha chokaa kabla ya bendera, umeiba, umeshindwa. Mwisho ni ile nguzo ya umeme iliyoibwa nyaya zake.

Papa Damas alikuwa mtu wa reli. Amestaafu, lakini filimbi yake haijastaafu.

Kila mtu anafikiri mashindano ni pale katikati, motere zinapopiga kelele. Hapana. Mashindano yanaisha kabla hayajaanza, kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Hilo nimelielewa leo, nikiwa nyuma ya moshi wa Philippe.

Habari kubwa: Kabamba, dereva mwenzetu, anahamia Zambia kwa dada yake. Anaacha nafasi ya kwanza pale mlangoni mwa soko la Kikula. Mwenye nafasi ile, kila akirudi na motokari tupu, anaingia mbele ya wote na kupakia. Kabamba amekula nyama kwa miaka kwa ajili ya nafasi ile. Sisi wengine tunangoja nyuma yake mpaka jua linatugeuza biskuti.

Kamati yetu ya madereva iligombana papo hapo barabarani. Kila mtu alikuwa na sababu. Mmoja alitaja ugonjwa wa mama yake, ambaye tulimzika mwaka jana. Mwishowe Papa Damas akasema ishindaniwe hapa hapa, tarehe 16, na kila motokari iwake yenyewe, bila kusukumwa.

Madereva karibu wote wakaangalia viatu vyao. Tukabaki mimi na Philippe.


Jumatatu, 3 Julai

Nimerudi nyumbani nikamkuta Arsène, kaka wa mke wangu, amelala chali chini ya motokari yangu na kamba ya kupimia.

Arsène ni fundi wa kuchomea vyuma. Anatengeneza mikokoteni kutokana na magari yaliyokufa. Nikamwambia hii haijafa. Akatoka taratibu, akajipangusa, akasema kwa heshima: "Shemeji, ekseli yako iko muzuri sana. Ni ile ingine yote njo iko mubaya."

Kumbe ni mpango wa Marlène, mke wangu. Marlène anauza bunga, unga wa mihogo, sokoni Kikula, na bila bunga yake mimi na watoto tungekuwa tunakula hotuba. Anasema mkokoteni utabeba magunia yake, na mikokoteni haiombi esansi, haijui petroli. Nikamweleza habari ya nafasi ya kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, hiyo ndiyo tabia yake, halafu akasema: "Papa Dodo, hii motokari inakula kuliko batoto. Ukipata ile nafasi, nitanyamaza. Ukiikosa, Arsène anakuja na moto."

Nimekubali. Mwanaume hapaswi kuogopa moto wa shemeji yake.


Jumatano, 5 Julai

Nimefikiri siku mbili. Matokeo:

Mwenye kufika wa kwanza kwenye mstari wa pili anateseka. Mguu uko kwenye ambreyaji, ile klachi, na ambreyaji inataka kurudi juu. Goti linaanza kutetemeka. Jasho linaingia machoni. Motere inachemka. Anamngoja mwenzake, anamchukia, na mtu mwenye chuki haoni bendera. Halafu huyo mwenzake anafika polepole, mguu wake mpya kabisa, anainua mkono kama padri, na bendera inaanguka.

Kwa hiyo: kuwa wa mwisho. Huo ndio ufundi wote. Wengine wanataka kuwa wa kwanza kila mahali, ndiyo sababu nchi imekuwa hivi.


Ijumaa, 7 Julai

Mazoezi nyumbani. Bila esansi, kwa sababu hakuna. Nimekaa nyuma ya usukani, mkono kwenye vitesi, yaani gia, mguu kwenye ambreyaji. Marlène alikuwa anapepeta bunga barazani. Nikamwomba avue kitambaa chake cha kichwa, akiinue, kisha akiangushe bila kunionya.

Akasema ana kazi. Nikasema mara moja tu. Akakiinua.

Akakishikilia juu. Akamsalimia jirani, akaulizia mtoto wake mgonjwa, akaambiwa ameanza kula, akamshukuru Mungu, na kitambaa bado kiko juu. Goti langu likaanza kucheza. Nikamwambia angushe. Akasema nimemwambia asinionye. Nikageuka kumjibu, na kikaanguka.

Mwanamke huyu angekuwa mwamuzi mkubwa. Nimemwambia hivyo. Amejifunga kitambaa na kurudi kwenye ungo.


Jumapili, 9 Julai

Leo wengine walishindana kwa mchezo. Mimi sikushindana. Nilikwenda kumsoma Papa Damas.

Nilikaa ukingoni mwa barabara na kumwangalia yeye tu, si motokari. Watu wakadhani namdai. Na nimeona. Kabla ya kuangusha bendera, Papa Damas anavuta pumzi. Anapovuta pumzi, tumbo linaingia, na kifungo cha chini cha shati kinalegea. Kisha tu ndipo mkono unashuka. Kila mara. Mkono unaweza kudanganya. Amekaa reli maisha yake yote, mkono wake umefundishwa. Tumbo halikusoma shule yoyote.

Kwa hiyo sitaangalia bendera. Nitaangalia kifungo.

Philippe alinikuta pale, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naomba rozari. Akasema na yeye ameanza kufikiri sana siku hizi. Sikupenda namna alivyolisema hilo.


Jumanne, 11 Julai

Nimenunua esansi ya chupa kando ya reli. Nusu yake ni mafuta ya taa. Motokari imekohoa mpaka kuku wa jirani wamehama.

Haidhuru. Itazoea, kama sisi.


Jumamosi, 15 Julai

Kesho ndiyo siku. Naandika nikiwa na furaha ambayo lazima niifiche.

Mistari ilikuwa imefutika. Kamati ikauliza nani ataichora upya. Chokaa haipatikani mjini, na ikipatikana ina bei ya dawa. Nikasema nitaichora mimi, kwa moyo safi, kwa ajili ya wote. Wakanipigia makofi.

Sasa, fikiri. Sheria inasema kosa ni tairi kuacha mstari kabla ya bendera. Haisemi mstari uwe na upana gani. Mstari ukiwa mwembamba kama uzi, ukitikisika tu umeiba. Lakini mstari ukiwa mpana kama godoro, unaweza kugusa ukingo wake wa nyuma kwa ncha ya tairi, ukaanza kutembea kifungo kinapolegea, na bendera ikianguka uko tayari mbioni, na bado unagusa mstari. Si wizi. Ni hesabu.

Upande wa Philippe: uzi. Upande wangu: godoro.

Kwa kukosa chokaa nimetumia bunga ya Marlène. Gunia lile la nyuma, ambalo haliuzi mpaka wiki ijayo. Nimechota kiasi. Halafu kiasi kingine, maana godoro si mchezo. Nimemaliza jua likiwa bado juu ya bomba la moshi la kiwanda, na ulikuwa mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuona. Mweupe kama kitambaa cha altare.


Jumapili, 16 Julai

Nianzie wapi.

Nianzie kwa mbuzi.

Tumefika baada ya misa ya pili, watu wengi, madereva wote, wake, vijana juu ya ukuta. Na pale kwenye mstari, upande wangu, mbuzi wa kambi ya Shituru wamesimama wakipangusa midomo. Godoro lote limeliwa. Limerambwa mpaka lami inang'aa. Upande wa Philippe, uzi wake upo vile vile. Haukustahili kusumbua ulimi wa mbuzi.

Papa Damas akainama, akachovya kidole, akaonja. Akasema: "Hii si chokaa." Akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Marlène alikuwa nyuma yao na alikuwa wa mwisho kuniangalia, lakini ndiye aliyeangalia kwa muda mrefu. Papa Damas akachukua kipande cha tofali na kuchora mstari mpya, mmoja, mwembamba, kwa wote.

Bado nilikuwa na kifungo. Ila leo asubuhi kulikuwa na baridi, baridi ya Julai ile inayoingia kwenye meno, na Papa Damas alikuwa amevaa koti lake la reli, zito, limefungwa mpaka kidevuni. Hakuna tumbo. Hakuna shati. Sikuvunjika moyo. Nilibaki na ufundi wenyewe, ule mkubwa: kuwa wa mwisho.

Motokari zote mbili zikawaka zenyewe. Tukasogea hadi mstari wa kungojea. Nikasimama. Philippe akasimama. Nikamwonyesha kwa mkono: tangulia. Akanionyesha kwa mkono: tangulia wewe.

Nikaelewa. Mtu yule alikuwa amefikiri kweli.

Basi tukakaa. Nikaangalia mbele kana kwamba nasubiri treni. Yeye akafungua dirisha na kusafisha kucha. Watu wakapiga kelele, wakachoka, wakakaa chini. Papa Damas akapiga filimbi. Hatukusogea. Akaja dirishani kwangu, akasema sheria inataka tusogee. Nikamwuliza sheria inasema nani kwanza. Akaenda kwa Philippe, akapata jibu lile lile. Akarudi mahali pake akiwa mtu mzee zaidi.

Wengine wakaondoka kwenda kupika. Wengine waliokuja kutoka kwenye ibada zao ndefu wakachukua nafasi zao, wakauliza nani ameshinda. Motere zilikuwa zinawaka muda wote huo, kwa sababu mwenye kuzima asingekuwa na uhakika wa kuwasha. Esansi yangu ya chupa ilikuwa inapungua. Niliisikia kwenye sauti. Kutoka kwenye Corolla ulianza kutoka mvuke, mwembamba kwanza, halafu kama sufuria ya mahindi. Philippe hakusogea. Nami sikusogea. Naomba ieleweke kwamba wakati ule nilimheshimu.

Mwishowe Papa Damas akasema atahesabu, na akimaliza tusogee pamoja, asiyesogea amepoteza nafasi. Akahesabu polepole kama mtu anayegawa urithi. Tukasogea pamoja. Tairi zetu zikagusa tofali pamoja. Mikono ikainuka pamoja. Goti langu lilikuwa limetulia kama la sanamu. Bendera ikaanguka, na mimi nikatoka.

Nilitoka vizuri kuliko maisha yangu yote. Philippe hakuwa hata kwenye kioo. Nikaingiza vitesi ya pili, nikasikia watu, nikaona nguzo.

Motere ikakohoa. Ikasema kitu kimoja cha mwisho. Ikanyamaza.

Esansi. Niliimaliza yote pale mstarini.

Motokari ikatembea kwa uzito wake, ikapunguza, ikasimama. Nyuma yangu nikasikia mlio kama sufuria iliyoanguka, nikageuka. Corolla nayo imesimama, kapo, yaani boneti, imefunikwa na mvuke, na Philippe ameshuka ameshika kichwa. Kisha akaniona. Akaangalia nguzo. Akaenda nyuma ya motokari yake na kuanza kusukuma.

Sheria ilisema motokari iwake bila kusukumwa. Ilikuwa imewaka. Haikusema chochote kuhusu kufika. Nikashuka, nikasukuma.

404 ni chuma cha kweli, nyuma haina mahali pa kushika, na viatu vyangu vya misa vinateleza. Philippe alikuwa anakaribia, nasikia anavyohema. Halafu nikasikia mtu amekuja kando yangu, ameweka mabega, na motokari ikaanza kwenda. Ilikuwa Marlène. Alikuwa amevua viatu. Bunga hakuitaja. Alisukuma kama mtu anayeondoa kitu mlangoni mwake.

Tumeshinda kwa nusu ya bampa. Papa Damas ametangaza. Nafasi ya kwanza ni yangu.

Jioni tumekula bukari, ugali wa mihogo. Marlène alikuwa amekwenda na ufagio na beseni kukusanya yale ambayo mbuzi hawakuyagusa, mstari wa kungojea na uzi wa Philippe, akayachekecha. Bukari ya leo ina mchanga. Nimeila yote. Watoto waliambiwa watafune taratibu.


Jumatatu, 17 Julai

Nimefika Kikula alfajiri, nimeoga, nimevaa shati la kola, esansi nimeazima kwa Arsène, ambaye ameitoa kwa huzuni.

Kwenye nafasi yangu kuna Renault 4. Ya Élisabeth.

Élisabeth ni mjane. Motokari ni ya marehemu mume wake, na alikuwa akisimama mwisho kabisa wa safu, karibu na wauza mkaa. Hakuna aliyemwita kwenye kamati. Hakuna aliyefikiri. Jana, madereva wote wa Likasi walipokuwa wamesimama Shituru kutuangalia tukikaa, yeye alikuwa hapa, peke yake, na akina mama wanatoka kwenye ibada na mizigo. Akabeba wale. Akarudi, akabeba wengine. Mpaka jioni. Wanasema alifunga magunia ya mtu mmoja kwa mkono wake mwenyewe na kumngoja mwingine aliyesahau mtoto.

Leo asubuhi akina mama wamekwenda moja kwa moja kwenye Renault bila hata kuangalia kulia, nilipokuwa mimi.

Kamati imekuja. Papa Damas pia, na koti. Wakamweleza Élisabeth kwamba nafasi imeshindaniwa na kupatikana kihalali. Akasikiliza vizuri, akanigeukia, akaniita kwa jina langu la ubatizo. Akasema: "Papa Athanase, minye sikatai kutoka. Hawa bamama bakishuka, minye natoka sasa hivi."

Papa Damas akapiga filimbi. Hakuna aliyeshuka. Mama mmoja akauliza kama treni imefika.

Halafu nikaangalia juu ya paa la Renault. Magunia. Gunia la juu kabisa nalijua. Nililichota Jumamosi.

Nimemwuliza Marlène jioni. Amesema bunga lazima ifike mjini kwa wateja, na Élisabeth anaondoka, mimi nasimama.


Jumatano, 19 Julai

Nimekwenda kwa Philippe. Nilitaka kumwonyesha kwamba sina majivuno.

Corolla iko uani, kapo wazi. Kulasi, kile kifuniko cha motere, imepinda kwa moto, motere imekufa. Arsène alikuwa chini yake na kamba ya kupimia. Amesema ekseli hii ni nzuri pia.

Tulikaa juu ya matofali. Mke wa Philippe alituletea chai bila sukari na kuomba radhi kwa sukari. Philippe alisema Jumatatu atakwenda na wale wanaochimba mawe ya shaba kwa mikono, kwa kuwa ana mabega. Nikamwuliza kwa nini hakuzima.

"Niliona mushale ya kupima moto inapanda," akasema. "Lakini weye haukusogea. Minye nisogee namna gani?"

Nilimwambia alisukuma vizuri. Akasema mke wangu alisukuma vizuri zaidi. Tukacheka kidogo. Kisha hatukucheka.

Nimerudi kwa mguu, polepole. Nimefikiria sana yaliyompata. Kosa lake naliona wazi: radiyatere. Mtu mwenye radiyatere mbovu hapaswi kuingia kwenye ufundi mkubwa. Mimi radiyatere yangu ni nzima.


Ijumaa, 21 Julai

Élisabeth amenifuata mwenyewe. Amesema amezungumza na akina mama. Yeye akijaa na kuondoka, mimi niingie hapo hapo nipakie; nikiondoka, yeye anakuwa amerudi. Wawili mbele, zamu kwa zamu, na wengine nyuma. Amesema ana watoto na mimi nina watoto, na magunia ni mengi.

Marlène alikuwepo. Akasema hilo ni neno zuri. Akasema Arsène sasa ana ekseli ya Philippe na hatahitaji yangu haraka, kwa hiyo Mungu amenipa nafasi, nisiitupe.

Nimekataa. Sikushinda mashindano ili nigawiwe zamu kama mgonjwa. Nimemwambia Élisabeth, mbele ya safu nzima, kwamba kama anataka nafasi ile aje aichukue pale inapochukuliwa: Shituru, Jumapili, baada ya misa, mstarini. Papa Damas akaangalia mbali. Élisabeth akaniuliza kama nimekula. Nikasema hilo si jibu.

Akasema Jumapili ana safari nyingi. Anajifanya mdogo. Najua.


Jumapili, 23 Julai

Naandika ndani ya motokari, daftari juu ya usukani.

Niko Shituru. Nimefika mara tu baada ya misa. Nimesimama kwenye mstari wa kungojea. Motere nimeizima, nimejifunza kitu kuhusu esansi, asije mtu kusema sijifunzi. Barabara imekaa kimya. Mbuzi wamekuja, wamekagua, wameondoka.

Élisabeth hajafika. Ishara nzuri. Ina maana anaujua ufundi.

Papa Damas alikuja na bendera, akakaa kwenye jiwe, akalala, akaamka, akasema anakwenda kula. Nimemwomba aniachie bendera. Amekataa. Bendera ni ya reli.

Muda si mrefu Renault ikatokea upande wa mjini. Nikaweka mguu kwenye ambreyaji. Ilikuwa imejaa mpaka milango inafungwa kwa mikono kutoka ndani, magunia juu, na kuku wawili dirishani. Ikapunguza mwendo. Nikashika vitesi. Ikasimama upande wa pili wa barabara, Marlène akashuka na bakuli lililofunikwa, mlango ukafungwa, Élisabeth akapiga honi kunisalimu, ikaendelea kuelekea kambini.

Alikuja kupima barabara. Si mjinga yule mwanamke.

Marlène ameingia na kukaa kando yangu. Bukari na sombe, majani ya mihogo, moto bado. Bukari haina mchanga. Aliniangalia nikila. Aliniuliza kama nitamrudisha nyumbani. Nikamweleza kwamba nikiondoka sasa nitakuwa nimesogea, na aliyesogea kwanza ameshindwa.

Akaniambia Élisabeth amekwisha kwenda na kurudi mara nyingi leo, na anapata pesa.

Nikasema sawa, lakini je, amegusa mstari?

Baadaye Marlène akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye kiti, na sasa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja bado umeshika kifuniko cha bakuli. Kuna upepo wa vumbi kutoka kiwandani. Nimepandisha dirisha upande wake, lile linalopanda.

Renault imepita tena. Honi. Imejaa.

Haijakaribia mstari. Mimi pia sikaribii.